Mama mdogo, Simba atakaa kiti gani?

Wamama wapenzi, wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watacheka wakilisikia: kupeleka mbwa au paka katika ndege. Mimi pia nilicheka, mpaka siku mtoto wa yaya wangu aliponiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

Yaya wangu alikaa Beni, katika komini ya Mulekera, pamoja na watoto wake watatu. Baba yao alikuwa ametangulia Ubelgiji. Miaka ile ya hofu, watu walipolala wamevaa nguo za kukimbilia, mbwa wao Simba ndiye aliyefanya zamu ya usiku. Akibweka, mama anaamka. Akinyamaza, mama anapata usingizi kidogo.

Viza zilipotoka, yaya alinunua tikiti za majuma matatu mbele. Masanduku yakafungwa. Ndipo mtoto wa kati, mwenye miaka tisa, akaniuliza: "Mama mdogo, Simba atakaa kiti gani?"

Tulidhani ni jambo la feza tu. Tukaenda kwa mganga wa wanyama. Alitusikiliza, kisha akatuambia kwa upole: "Mmechelewa miezi minne."

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo ninawaandikia hesabu hiyo kama ubaoni, ili mwingine asichelewe kama sisi. Mbwa au paka anayetoka Kongo kwenda Ubelgiji, Ufaransa au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anapita hatua tano.

Kwanza, anawekewa chini ya ngozi chipu yenye namba yake, kitu kidogo kama punje ya mchele. Pili, anapata chanjo ya kichaa cha mbwa, akiwa ametimiza majuma 12. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Tatu, siku 30 au zaidi baada ya chanjo, anatolewa damu, nayo inapimwa katika maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya ili kuona kama kinga imeshika. Nne, damu ikiwa nzuri, mnangoja miezi 3 tangu siku ilipotolewa. Tano, mganga wa wanyama wa serikali anaandika cheti cha afya, na mnyama aingie Ulaya ndani ya siku 10 tangu cheti kitolewe. Siku 30 na miezi 3: ndiyo ile miezi minne.

Marekani nayo ina sheria zake. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, kila mbwa anayeingia huko awe na miezi 6 au zaidi, awe na chipu, na fomu yake ijazwe. Kongo imo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa kwetu anahitaji karatasi zaidi, na nafasi iliyoshikwa mapema katika kituo cha wanyama kilichokubaliwa, kwenye viwanja vichache tu vya ndege.

Na kasuku wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu? Tangu mwaka 2017 yumo katika orodha ya juu ya mapatano ya CITES, kwa sababu amewindwa mno misituni. Msimfiche katika mzigo. Ni kosa la sheria. Nyani na tumbili pia, Marekani haiwapokei kama wanyama wa nyumbani.

Sisi wa Butembo na Beni tuna jambo jingine. Wengi wetu tunapita Kasindi, tunavuka kwenda Uganda, ndipo tunapanda ndege Entebbe. Uganda ni nchi nyingine, na mnyama anahitaji ruhusa ya kuingia huko pia. Ulizeni kabla ya kufika mpakani. Ulizeni na kampuni ya ndege kabla ya kulipa tikiti, maana kila moja ina kanuni zake. Sanduku la mnyama liwe kubwa, aweze kusimama, kugeuka na kulala vizuri. Msimpe dawa ya usingizi: huko juu inaweza kumletea shida ya kupumua, na kampuni nyingi zinamkataa mnyama aliyelewa dawa. Nao ndugu wanaosafirishwa kutoka kambi za Uganda kwa njia ya HCR na OIM wasitegemee kupeleka mnyama. Safari hizo ni za watu na mizigo yao.

Je, Wazungu wanatudharau kwa sheria hizi? Mimi pia niliuliza hivyo. Lakini kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Wao wanajilinda. Swali ni kama sisi tunajilinda.

Hapo ndipo swali la mtoto lilipotupeleka. Simba hangeweza kwenda. Yaya alitaka kumwambia mtoto kwamba mbwa amekimbia usiku. Nikamwambia: "Yaya, mtoto huyu ameshaacha nyumba, shule na rafiki zake. Usimwachie na uongo." Alinikasirikia, kisha akalia, kisha akamwita mtoto na kumweleza yote. Mtoto alilia siku mbili. Siku ya tatu aliniletea kamba ya Simba kwa mikono yake mwenyewe, akaniambia anakula saa ngapi na anaogopa nini. Anaogopa radi.

Mwingine akisafiri hufungua mlango na kumwachilia mbwa tu. Mbwa huyo atazunguka sokoni, atakula jalalani, ataumwa na mbwa mwingine, na kesho atamuuma mtoto wa mtu. Ukisafiri, mpe mtu unayemjua, mpeleke apate chanjo kwanza, na kadi yake uiache kwa huyo mtu. Mtoto akiumwa, osheni jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, halafu mbio kwenye kituo cha afya kutafuta chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Simba yuko kwangu Butembo sasa. Kila mwezi mtoto ananipigia simu, na kabla ya kuuliza hali yangu anauliza: "Mama mdogo, amepigwa sindano?" Ninamwonyesha kadi katika simu.

Wamama, tulipanga likelemba kwa ajili ya masomo na harusi. Katika mkutano ujao, tuhesabu: nyumba ngapi kati yetu zina mbwa, na ngapi zina kadi? Tukiwa wengi, tunaweza kumwita mganga wa wanyama siku moja na kugawana gharama ya safari yake. Mimi nitakuja na kadi ya Simba.