Waya ndani ya ubongo: Tumaini la mwisho kwa wanaoteswa na kichwa

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, kichwa kimewahi kukuuma hadi ukatamani kukigonga ukutani? Wengi wetu humeza tembe mbili, tukalala, na kufikia asubuhi tumesahau. Lakini wapo wenzetu ambao kwao maumivu hayo ni jahanamu inayorudi kila siku.

Maradhi haya si kipandauso. Mwenye kipandauso hutaka kulala kimya gizani. Huyu hawezi kutulia hata dakika moja. Hutembea huku na huku chumbani ameshika jicho, akihisi kana kwamba linatobolewa kwa msumari wa moto. Jicho hilo hutoa machozi na pua ya upande huo huziba. Shambulio moja huchukua kati ya dakika 15 na saa tatu, na laweza kurudi hata mara nane kwa siku. Huwapata takriban mtu mmoja kati ya 1,000, na kwa wachache hudumu mwaka mzima bila nafuu.

Kama yaliyowekewa kengele

La ajabu ni kwamba maumivu haya huja kwa saa maalum, aghalabu usiku. Mwaka wa 1998, watafiti jijini London walipiga picha za ubongo wa wagonjwa tisa wakati maumivu yakiendelea. Waliona kijisehemu kiitwacho haipothalamasi kikifanya kazi kupita kawaida. Hicho ndicho kinachosimamia usingizi, njaa na saa ya mwili.

Madaktari wa Taasisi ya Carlo Besta mjini Milan, Italia, wakajiuliza: Ikiwa moto unawaka hapo, mbona tusiuzime papo hapo? Mwaka wa 2000 walitoboa fuvu la mgonjwa na kupenyeza waya mwembamba hadi mahali hapo. Waya huo hupitishwa chini ya ngozi hadi kwenye betri iliyofichwa kifuani, ambayo hutuma umeme hafifu mara 180 kila sekunde. Maumivu yalikoma. Umeme ulipozimwa, yalirudi.

Kisu kina makali

Hata hivyo, usidhani ni kazi ya mchezo. Nchini Ubelgiji, mgonjwa mmoja alivuja damu ubongoni baada ya upasuaji kama huo, akafariki. Na mwaka wa 2010, utafiti wa Ufaransa uliohusisha wagonjwa 11 ulionyesha kwamba, kwa mwezi mmoja, waliowashiwa umeme bila kujua hawakuwa na nafuu kuliko waliozimiwa. Baada ya miezi kadhaa umeme ukiwa umewashwa, sita kati yao walipata nafuu kubwa.

Ndiyo maana madaktari wakatafuta njia isiyogusa ubongo. Sasa waya huweza kuwekwa chini ya ngozi ya kisogo, kwenye mishipa ya fahamu inayopanda kichwani. Katika utafiti ulioongozwa na Waholanzi na kutangazwa mwaka wa 2021, wagonjwa 131 walitibiwa hivyo. Mashambulizi yalipungua kutoka takriban 16 kwa juma hadi saba. Si kupona, lakini muulize mwenye kuteseka thamani ya usiku mmoja wa usingizi!

Kabla ya kufika huko

Upasuaji huu ni mlango wa mwisho, hufunguliwa baada ya mingine yote kukataa. Kwa wagonjwa wengi wa maradhi haya, kuvuta oksijeni safi kwa barakoa kwa dakika 15 hutuliza shambulio. Dawa ya verapamili, ambayo pia hutumiwa kwa shinikizo la damu, huzuia mengine yasije, lakini sharti itolewe na daktari anayeuchunguza moyo wako.

Nawe unayenunua tembe dukani kila jioni, jihadhari. Anayemeza dawa za maumivu kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi kadhaa, huweza kusababishiwa maumivu ya kichwa na tembe hizo hizo. Andika daftarini siku, saa na upande unaouma, kisha mpelekee daktari. Maelezo hayo yatamsaidia sana kutambua unaugua nini.

Na ikiwa nyumbani kwako yuko anayelia na kichwa usiku wa manane, usimwambie anajidekeza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.