Bukavu: Nguba, nyumba zinangoja mnunuzi na karatasi zinangoja saini

Ukitembea katika mitaa ya mji wa Bukavu, soma kuta. Hapa na pale utakuta maneno yaliyoandikwa kwa rangi kubwa kwenye ukuta ama kwenye lango: «Iyi nyumba haiuzishwe». Mgeni anaweza kufikiri kwamba mwenye nyumba anajivuna. Sivyo. Maneno hayo ni kinga. Kuna mtu anayeogopa kwamba siku moja mjanja ataleta mnunuzi, atamwonyesha vyumba, atapokea avansi na kupotea.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Kwetu Bukavu mtu «anauza» wakati anatoa pesa, na «anauzisha» wakati anapokea. Msomaji wa Dar es Salaam atasema kinyume. Hapa tutaandika kununua na kuuzisha, ili mtu asipoteze parseli kwa sababu ya kitenzi.

Huko Nguba, kwenye kartie Nyalukemba katika komini ya Ibanda, woga huo sasa una mwenzake. Wako wenye nyumba ambao wangependa sana kuuzisha. Wameita makomisionere, wamefungua milango, wamepiga picha za bustani inayotazama ziwa Kivu, picha zimezunguka kwenye WhatsApp. Miezi inapita. Watu wanakuja kuangalia, wanauliza bei, wanasema watarudi.

Ili kuelewa, lazima kukumbuka nyumba ya Nguba ilikuwa inanunuliwa kwa ajili gani. Upande huu wa ziwa ndio ambao wazungu walijijengea wakati mji ulikuwa unaitwa Costermansville. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zinaingia mikononi mwa Wazaire, na mali nyingi zikabadili wenyewe. Halafu mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika kwa wingi, mashirika ya misaada yakawafuata, vita vya 1996 na 1998 vikaongeza mengine, kisha Umoja wa Mataifa ukaja na wafanyakazi wake. Wote walihitaji nyumba yenye lango pana, ulinzi, na njia fupi ya kufika mpakani Ruzizi ya kwanza. Na wote walilipa kwa dola.

Kwa hiyo aliyenunua Nguba miaka ile mara nyingi hakuwa ananunua mahali pa kulala. Alikuwa ananunua mpangaji. Bei ya nyumba ilihesabiwa kwa kuangalia shirika litalipa ngapi kwa mwezi, na baada ya miaka mingapi pesa itakuwa imerudi. Ndiyo sababu bustani za zamani zilikatwa vipande viwili, vitatu, na gorofa zikapanda hadi karibu na maji.

Wapangaji hao wameondoka mmoja baada ya mwingine. MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu Kusini mwezi Juni 2024. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya USAID, na mashirika mengi yaliyokuwa yakiitegemea yakafunga miradi. Katikati ya Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Bukavu. Familia zenye uwezo zilivuka mpaka ama zilienda Bujumbura, Kinshasa, Nairobi.

Hesabu basi ni rahisi, ila inaumiza: kama mpangaji wa dola hayupo, nyumba haiwezi kuwa na bei ile ile. Lakini mwenye nyumba anaikumbuka bei aliyotajiwa zamani, wakati shirika lilikuwa bado sebuleni, na kushuka chini ya hapo anaona ni kama kuibiwa. Mnunuzi naye anasema atangoje kidogo, pengine itashuka tena. Binafsi sioni kwamba mmoja wao ana kosa. Ila soko la namna hiyo halitembei.

Na hata wakipatana, pesa itapita wapi? Tangu Februari 2025 banki za Bukavu zilifunga milango. Kwa mahitaji ya kila siku watu wanatumia simu, na wenye akaunti ngambo wanavuka hadi Kamembe. Hiyo inatosha kwa unga na karo ya shule. Nyumba ni kitu kingine. Simu ina kiwango chake kwa siku, na kubeba noti za dola ndani ya begi kupita mpakani ama kupita mtaani jioni, kila mtu wa Bukavu anajua hatari yake. Wengine wanapatana kulipana kabisa nje ya nchi. Lakini hapo pesa inakuwa upande mmoja wa mpaka na nyumba upande mwingine, na katikati kuna imani tu.

Sasa tufike kwenye karatasi, maana hapo ndipo biashara nyingi zinakwama.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Kinachouzishwa ni majengo pamoja na haki ya kutumia udongo, na haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: cheti cha kuandikishwa, kile ambacho watu wanaita sertifika. Karatasi ya shefu wa avenyu, fishi ya parseli, barua ya mauzo iliyosainiwa mbele ya mashahidi watatu, zote zinasaidia kueleza historia, lakini hazichukui nafasi ya sertifika. Inaandikwa mara mbili: moja inabaki ndani ya kitabu cha konsevateri wa ardhi, nyingine anapewa mwenyewe. Mnunuzi asiyeenda kulinganisha hizo mbili ameona nusu tu ya kitu anachonunua. Kama kuna rehani, imeandikwa ndani ya kitabu.

Lakini konsevateri gani? Swali hili linawanyima usingizi wanunuzi wa leo. Nyumba ikiuzishwa, sertifika ya zamani inafutwa na mpya inatolewa kwa jina la mnunuzi. Mji ukiwa chini ya waasi, na serikali ya Kinshasa ikiwa haiwatambui, mwenye pesa anajiuliza saini anayoipata leo itasomwa namna gani kesho. Wakubwa hawashangai. Kati ya 1998 na 2003 Bukavu iliishi chini ya RCD, na karatasi za miaka ile zilileta mabishano muda mrefu baada ya vita.

Kuna jambo lingine ndani ya sheria hiyo ambalo watu wengi hawalijui. Ikipita miaka miwili toka sertifika kutolewa, haki iliyo ndani yake haishambuliwi tena. Aliyedhulumiwa anaweza kudai fidia tu, si parseli yenyewe. Sasa fikiria mtu aliyekimbia na watoto mwezi Februari, akaacha nyumba Nguba. Kama kuna aliyejipatia sertifika nyuma ya mgongo wake, miaka miwili inahesabika hata akiwa mbali, na kumshtaki mtu kutoka ukimbizini si kazi nyepesi.

Basi pesa ya kununua Nguba ingetoka wapi leo? Wengi wanataja diaspora, ndugu walioko Ubelgiji ama Canada. Hapo pia kuna mtego. Haki isiyo na mwisho wa muda inapewa mtu wa uraia wa Kongo peke yake. Wengine wanapewa haki ya muda, miaka 25 inayoweza kurudiwa. Na Katiba inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Ndugu aliyechukua paspoti ya Canada anaweza kutuma pesa yote, lakini ni afadhali aulize mapema nyumba itaandikwa kwa jina gani. Wengi wanaandikisha jina la mdogo wao aliyebaki hapa. Tunajua kesi hizo zinaishia wapi: kwenye baraza la familia, sauti zikiwa juu.

Tukitaja familia, kanuni ya familia inadai kibali cha bwana na bibi wote wawili ili nyumba iuzishwe, hata kama ndoa yao ni ya mali mbalimbali. Mwenyewe akifariki, watoto wote ni warithi, wa ndani na wa nje ya ndoa waliotambuliwa, na mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Mnunuzi akikuta mtoto mmoja tu mwenye haraka, na mama hayupo mezani, aende nyumbani akalale kwanza.

Wachache wanaofaulu kununua sasa wanafanya polepole. Wanalipa sehemu ndogo mbele ya notere, wanaacha kubwa hadi sertifika ibadili jina, wanatembelea majirani bila komisionere, wanauliza nani alikuwa analipa SNEL na REGIDESO kwa miaka yote. Na wanashuka hadi chini ya bustani kupima umbali wa ukuta na maji, kwa sababu ukingo wa ziwa ni wa Serikali hata kama muuzishaji ameupanda maua.

Wengine, waliochoka kungoja, wameweka mlinzi langoni na ndugu mmoja ndani, wakaenda zao. Na kabla ya kuondoka, hata wale ambao bado wanatafuta mnunuzi wanaita kijana mwenye kopo la rangi, aandike ukutani kwamba nyumba hii haiuzishwe.