Ngoma za bure Mara: Burudani ya familia yenye gharama zake

NGOMA za hadhara ni miongoni mwa burudani chache zinazowakutanisha wazazi na watoto wa Musoma, Bunda na Butiama pasipo mtu kudaiwa kiingilio. Huchezwa kwenye sherehe za kitaifa, katika kampeni za afya na katika maadhimisho kama Siku ya Mto Mara, ambayo tangu mwaka 2012 huadhimishwa kila Septemba 15 kwa kupokezana kati ya Tanzania na Kenya.

Kwa familia ya mjini, asubuhi ya namna hiyo huanza kwa kutafuta kivuli na kuwasogeza watoto mbele. Watu wazima husimama nyuma. Wanachokwenda kukitazama, hata hivyo, si rukaruka tu kama baadhi ya vijana wanavyodhani.

Litungu la Wakurya ni mfano mzuri. Ni zeze kubwa lenye nyuzi nane na tumbo la mbao lililowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito. Wachezaji huweza kuvaa viatu vya mbao vyenye soli nene mno, hivyo kila hatua inayokanyagwa husikika kama sehemu ya muziki. Mpigaji ndiye anayetoa habari: husifu, husuta, hukumbusha waliofariki na kumtania kiongozi aliyeketi mbele yake.

Nyatiti ya Wajaluo, ambao kwa upande wa Mara wengi wao wako Rorya, nayo ina nyuzi nane, lakini utundu wake uko miguuni. Mpigaji hufunga njuga ziitwazo gara, na katika kidole gumba cha mguu huvaa oduong'o, yaani pete ya chuma anayoigonga kwenye mti wa ala. Mtu mmoja hupiga nyuzi, hushika mapigo na kuimba kwa wakati mmoja. Mtoto aliyekaa mbele huona yote hayo. Aliyekaa nyuma ya spika huambulia kelele. Waandaaji wengi hufungulia vipaza sauti hadi nyuzi zenyewe zisisikike, na huo ni uharibifu unaoweza kuepukwa bila gharama yoyote.

Swali ambalo watazamaji huliuliza kwa nadra ni hili: ikiwa hakuna kiingilio, nani anamlipa msanii?

Jibu la jadi ni kutunza. Anayefurahishwa hutoka, hucheza kidogo na kumwachia mpigaji fedha. Kwa Wajaluo utaratibu huo umekomaa na una jina, pakruok: msikilizaji hulipa ili muziki usimame, ajisifu yeye, ukoo wake au rafiki zake, kisha nyuzi ziendelee. Kwa hiyo ngoma ya jadi haikuwa bure kamwe. Gharama ilibebwa na waliofurahi, kila mmoja kwa uwezo wake.

Utaratibu huo hudhoofika ngoma inapohamia kwenye jukwaa la sherehe rasmi. Mgeni rasmi ana ratiba, kikundi hupewa dakika chache kati ya hotuba mbili, na hakuna nafasi ya mtu kutoka kutunza. Hapo msanii hutegemea alichoahidiwa na mwandaaji, na kama ni nauli na chakula tu, kijana anayemtazama hana sababu ya kutamani kazi hiyo.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliligusa jambo hili mapema. Katika hotuba yake kwa Bunge, Desemba 10, 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitikia wasomi waliojua rumba na chachacha lakini hawakuzijua ngoma za kwao. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Sera ya Utamaduni ilitolewa mwaka 1997. Sera ipo; malipo ya mpiga litungu wa kijijini bado huachwa kwa mapatano ya mdomo.

Lipo pia suala ambalo wazazi hawapaswi kulifumbia macho. Baadhi ya nyimbo na ngoma za mkoa huu zilifungamana na jando na ukeketaji. Tangu mwaka 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini. Mtoto wa kike akiuliza wimbo unasema nini, anastahili jibu la kweli, likiwamo la kwamba sherehe fulani ziliambatana na maumivu yake.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi wa mjini hawana jibu. Watoto wao hukua na Kiswahili pekee, ilhali nyimbo ni za Kikurya, Kijita au Kizanaki. Bibi akiwapo hufasiri. Asipokuwapo, mshereheshaji angeweza kueleza kwa sentensi mbili kabla ya kila wimbo, ila ni wachache wanaofanya hivyo.

Wanaotaka kuendeleza siku yao huweza kufika Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999. Huko kuna kiingilio, hivyo wenye watoto wengi waulize viwango kabla ya kupanda gari.