Diski Ndani ya Faili: Maabara Isiyo na Hasara

Tuseme shule moja ya sekondari katika kata ya Makanyagio, mjini Mpanda, ina kompyuta moja tu, nayo hutumia mfumo wa Linux. Ndani yake zimo alama za mitihani na maandalio ya masomo. Je, mwalimu atawafundishaje wanafunzi kuigawa diski, ilhali amri moja iliyokosewa yaweza kuangamiza kazi ya mwaka mzima?

Jibu limo katika kufahamu diski ni nini. Kwa kompyuta, diski ni mfululizo mrefu wa baiti uliokatwa katika sekta, na kwa kawaida kila sekta hubeba baiti 512. Mipaka ya sehemu zake si kuta, bali ni namba zilizoandikwa. Katika mtindo ulioenea na kompyuta za IBM tangu 1983, namba hizo hukaa katika sekta ya kwanza: baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni jedwali la sehemu nne, na 2 ni alama ya uthibitisho. Jedwali hilo ni mfano wa orodha ya mabehewa mkononi mwa mkuu wa stesheni pale Mpanda, mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Orodha ikipotea, mizigo ipo, lakini hajulikani mzigo wa nani uko behewa lipi.

Faili nalo ni mfululizo wa baiti. Kwa hiyo Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, huweza kulitumia faili kana kwamba ni diski, kwa njia ya kifaa kiitwacho kitanzi. Msimamizi wa kompyuta hufuata hatua hizi:

1. truncate -s 64M zoezi.img: huunda faili la baiti 67,108,864.
2. fdisk zoezi.img: huandika jedwali la sehemu.
3. losetup -fP --show zoezi.img: huliunganisha faili na kitanzi kilicho huru na kutaja jina lake, tuseme /dev/loop0.
4. mkfs.ext4 /dev/loop0p1: huitayarisha sehemu ya kwanza kupokea mafaili.
5. mount /dev/loop0p1 /mnt: huifungua sehemu hiyo itumike.

Herufi P huagiza jedwali lisomwe, ndipo sehemu zijitokeze kwa majina. Pasipo herufi hiyo, sehemu hutafutwa kwa hesabu: ikianzia sekta ya 2,048, umbali wake ni 2,048 × 512, yaani baiti 1,048,576.

Kazi ikiisha, tumia kwanza umount /mnt, kisha losetup -d /dev/loop0.

Hatari moja imesalia. Mwanafunzi akiandika /dev/sda badala ya /dev/loop0p1, huenda ameigusa diski halisi. Basi na iwe kanuni: jina la kifaa lisomwe kwa sauti, mwenzake athibitishe, ndipo amri itolewe. Faili la zoezi likiharibika, hufutwa na kuundwa jingine papo hapo. Alama za mitihani hazirudi hivyo.

Swali kwa wanafunzi: sehemu ya pili ikianzia sekta ya 67,584, umbali wake ni baiti ngapi? (Jibu: 34,603,008.)