GANZI YA MENO NA DAWA YA KUSUGULIA

Unakunywa maji ya barafu siku ya joto pale Mbagala au Tegeta. Mara jino linauma ghafla, kama limechomwa sindano. Baada ya muda mfupi maumivu yanakwisha. Au unakula embe bichi kwa chumvi na pilipili, na meno yanaingiwa na ganzi.

Hali hii huwapata watu wengi. Baadhi yao hudhani jino limeoza, wakataka ling'olewe. Wengine huvumilia tu kwa miaka. Yafaa kujua sababu kwanza, kisha kuchagua dawa.

Kwa nini meno huingiwa na ganzi?

Jino lina matabaka. Juu kuna gamba jeupe, gumu kuliko mfupa. Chini ya gamba kuna tabaka laini zaidi, lenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo huelekea kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya fahamu.

Jino ni kama nyumba ya udongo iliyopigwa plasta. Plasta ikibanduka, mvua huufikia udongo. Vivyo hivyo, gamba likilika, au ufizi ukishuka na kuacha shina la jino wazi, baridi na uchachu huifikia mishipa ya fahamu.

Mambo haya hulimaliza gamba au hushusha ufizi:
1. Kusugua kwa nguvu, au kwa mswaki mgumu.
2. Kusugua kwa mkaa, mchanga au majivu.
3. Kula au kunywa mara kwa mara vitu vichachu, kama ndimu, ukwaju na soda.
4. Kusaga meno usingizini.
5. Ugonjwa wa fizi.

Jinsi ya kuchagua dawa dukani

Sasa unajua kusoma. Usichukue boksi kwa kuangalia rangi yake tu. Lisome. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, lakini maneno machache yanatosha.

Tafuta neno SENSITIVE. Maana yake dawa hiyo imetengenezwa kwa meno yenye ganzi. Kisha tazama orodha ya vitu vilivyomo. Dawa nyingi za aina hii zina POTASSIUM NITRATE, ambayo hutuliza mishipa ya fahamu. Nyingine huziba vile vitundu vidogo.

Tafuta pia neno FLUORIDE, yaani floraidi. Floraidi huimarisha gamba na husaidia kuzuia kuoza. Kwa mtu mzima, kipimo kizuri ni kati ya 1000 na 1500 ppm.

Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Tazama pia alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Kama tarehe imefutika au boksi limefunguliwa, usinunue. Jihadhari na dawa za kung'arisha meno. Baadhi yake hukwaruza, na huzidisha ganzi.

Dawa ya ganzi huwa na bei kubwa kuliko dawa ya kawaida. Kama fedha haitoshi, nunua dawa ya kawaida yenye floraidi na mswaki laini. Kusugua polepole peke yake kunasaidia sana.

Jinsi ya kutumia

Piga mswaki mara mbili kwa siku: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Tia dawa kiasi cha punje ya kunde. Sugua pande zote polepole kwa jumla ya dakika mbili. Tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno.

Ukila kitu kichachu, sukutua kwa maji matupu, kisha ngoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Uchachu hulainisha gamba kwa muda.

Dawa hii haifanyi kazi kwa siku moja. Itumie kila siku kwa wiki mbili hadi nne. Ukiiacha, ganzi inaweza kurudi. Usimpe mtoto wa chini ya miaka 12 bila ushauri wa daktari.

Wakati wa kwenda hospitali

Dawa ya ganzi haitibu jino lililooza. Inaweza kupunguza maumivu huku jino likiendelea kuharibika. Nenda kwa daktari wa meno ukiona dalili hizi:
- Jino linauma lenyewe, au linakuamsha usiku.
- Maumivu hayaishi upesi baada ya kunywa kitu cha baridi.
- Kuna tundu, uvimbe au usaha.
- Fizi zinatoa damu.
- Wiki nne zimepita bila nafuu.

Mkazi wa Temeke anaweza kwenda Hospitali ya Temeke. Wa Kinondoni anaweza kwenda Mwananyamala. Jino lililotoboka likiwahiwa, mara nyingi huzibwa. Likichelewa, huenda likang'olewa, na jino la mtu mzima halioti tena.

MASWALI
1. Taja mambo matatu yanayomaliza gamba la jino.
2. Ni neno gani kwenye boksi linaonyesha dawa ya ganzi?
3. Kwa nini tusipige mswaki mara tu baada ya kula ndimu?
4. Chukua boksi la dawa ya meno nyumbani kwako. Soma tarehe yake, kisha waeleze wenzako darasani.