Sakafu ya Zege Visiwani: Funzo la Chokaa na Boriti

Utangulizi

Neno sakafu asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni paa. Mwanafunzi wa isimu huenda akajiuliza: iweje kilichokuwa juu ya kichwa kikawa chini ya miguu? Jawabu limo katika ujenzi. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Unguja, paa la chumba cha chini ndilo linalokanyagwa na mkaazi wa ghorofani, na paa la juu kabisa lilijengwa kwa namna iyo hiyo. Ndiposa kamusi kongwe hulieleza neno hili kwa maana zote mbili: sehemu ya kukanyagwa na paa bapa la mawe na chokaa.

Makala haya yananuia kueleza jinsi sakafu hiyo ya kale ilivyojengwa, sababu za zege lililochukua nafasi yake kuharibika mapema visiwani, na namna ujenzi wa zege unavyoweza kuafikiana na mazingira hayo. Mifano mingi imetolewa Lamu, ambako mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya Turathi za Ulimwengu ya UNESCO mwaka 2001.

Sakafu ya chokaa

Fundi wa zamani alianza kwa kulaza boriti za mikoko kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo mzito katika masafa marefu, vyumba vingi vilikuwa na upana wa takriban mita 2.5 hadi 3 pekee. Juu ya boriti alipanga mawe bapa ya matumbawe, kisha akamwaga kokoto za matumbawe zilizochanganywa na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, kisha kuyazima kwa maji.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya kupigilia. Watu walijipanga na kuipiga sakafu kwa vipande, yaani vigongo vya mbao, huku wakiimba ili mapigo yaende sambamba. Kipigo kiliendelea hadi mianya ikazibika na uso ukashikamana. Kazi nzima ilikuwa na kitenzi chake, kusakifu.

Sakafu hiyo ilikuwa na sifa mbili muhimu. Kwanza, chokaa hupitisha mvuke, hivyo unyevu ulioingia ulipata njia ya kutoka. Pili, haikuwa na chuma ndani yake, basi chumvi haikupata cha kula.

Maadui wa zege

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Huvumilia sana likigandamizwa, lakini hupasuka upesi likivutwa. Ndiyo sababu hutiwa nondo za chuma. Kwa nondo hizo, chumba kipana huwezekana bila msitu wa nguzo. Hata hivyo, kisiwani nguvu hiyo huandamwa na maadui watatu.

Adui wa kwanza ni chumvi. Katika hali ya kawaida, ualkali wa saruji huivisha nondo utando mwembamba unaozuia kutu. Chumvi ikiifikia nondo huutoboa utando huo, na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya ile ya chuma kilicholiwa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Mwenye nyumba huona kwanza mstari wa rangi ya hudhurungi darini, kisha ufa, hatimaye mapande yanayoanguka walipo watoto wake. Chumvi hii huletwa na upepo wa bahari, lakini mara nyingine fundi huitia mwenyewe kwa kutumia mchanga wa ufuoni au maji ya kisima chenye chumvi.

Adui wa pili ni jua. Saruji haigandi kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani, bali kwa kuungana na maji. Jua na upepo vikiyafyonza maji hayo mapema, uso huchanika nyufa ndogo ndogo, nazo huwa milango ya chumvi.

Adui wa tatu ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kwenye sakafu ya chini iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo, maji hupanda na chumvi zake, na rangi pamoja na lipu hubanduka.

Marekebisho yanayofaa

Ni dhahiri kwamba dawa haimo katika kuongeza saruji pekee. Mchanga wa ufuoni uepukwe, au uoshwe kwa maji matamu. Nondo zifunikwe kwa zege lenye unene wa takriban milimita 50 mahali panapopigwa na upepo wa bahari, si 20 au 25 kama inavyofanywa ndani ya nyumba za bara. Maji ya kuchanganyia yapimwe, kwa sababu yakizidi huacha vitundu vingi. Zege limwagwe alfajiri au jioni, kisha lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa na kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7. Saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano nayo husaidia, kwani zege lake likitunzwa vyema hupitisha chumvi kwa uchache. Kwa sakafu ya chini, kokoto na karatasi nzito ya plastiki zitangulie. Aidha, ukuta mkongwe wa chokaa usipigwe lipu ya saruji, maana unyevu hufungiwa ndani.

Hata hivyo, masharti haya yana gharama. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga huo ndio unaoyapokea maji ya mvua, kuyachuja na kuyahifadhi. Anayeuchota ili ajenge hukiharibu kisima kinachomnywesha. Boriti nazo hukatwa katika mikoko inayokinga fuo na kuwapa samaki mazalio. Kwa hivyo, kurudia ya kale kwa pupa si suluhisho, wala kuyatupa.

Hitimisho

Neno saruji lenyewe linatupa funzo. Kwetu leo ni saruji ya kiwandani, iliyotokana na ile ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1824. Nchini Omani, neno lenye asili hiyo hiyo hutaja lipu ya udongo uliochomwa na chokaa, iliyotumiwa katika mifereji na ngome. Jina lilibaki, kitu kikabadilika.

Wasomi wa Kiswahili wana wajibu hapa. Maneno kama kusakifu na kupigilia yanabeba maarifa ya watu walioijua chumvi kabla ya kuijua nondo. Yafaa yakusanywe kwa mafundi wangali hai, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe, ili fundi wa zege ayapate kwa lugha anayoielewa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisiwani, ufa huo ni wa sakafu na wa msamiati vilevile.