Mtarajali anapokuhoji kabla ya dawa ya usingizi

Mgonjwa wa Kata ya Nyambureti, mkoani Mara, anayepewa rufaa hadi Hospitali ya Kanda Bugando jijini Mwanza kwa ajili ya upasuaji, huenda akahojiwa kwanza na daktari mtarajali kuhusu dawa ya usingizi. Huyo amehitimu masomo ya udaktari ya miaka mitano na anatumikia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo chini ya usimamizi. Wapo wanaodhani wametupiwa mwanafunzi. Sivyo, uamuzi wa kumlaza mgonjwa usingizi kamili au kumpa ganzi ya uti wa mgongo hubaki kwa wataalamu wanaomsimamia.

Maswali yake huweza kuonekana ya udadisi, lakini yana sababu. Jino lililolegea linaweza kung'oka wakati wa kuingiza mpira wa kupumulia. Baadhi ya dawa za asili huongeza utokaji wa damu. Swali zito zaidi ni la chakula: kwa kawaida mtu mzima hazuiliwi maji matupu hadi saa 2 kabla ya usingizi, ila chakula husimamishwa angalau saa 6 kabla, kwa kuwa usingizi hudhoofisha kinga ya koo na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa jamii ya wafugaji ni muhimu kusisitiza kwamba maziwa huhesabiwa kuwa chakula, hata kikombe kimoja.

Hapo ndipo suala la kuridhika linapohitaji uangalifu. Mzee aliyezoea Kingoreme au Kikuria anaweza kuitikia "ndiyo" kwa heshima tu, akaagana na mtarajali kwa furaha, na akiulizwa akasema ameridhika, ilhali hajui saa ya kuacha kula. Upole wa daktari una thamani yake, lakini kipimo cha kuaminika zaidi ni mgonjwa kurudia maelekezo kwa maneno yake mwenyewe.

Mgonjwa anaweza kumwuliza mtarajali jina na cheo chake, kuomba ndugu amtafsirie, au kuomba msimamizi aitwe. Aliyekula kwa kusahau aseme mapema. Upasuaji usio wa dharura unaweza kuahirishwa, na wa dharura hufanywa kwa tahadhari za ziada.